Bangi Nayo Ina Tiba

Mtu wa Mombasa akisema anakwenda kutibiwa uraibu, swali la kwanza atakaloulizwa ni kuhusu unga, yaani heroini. Swali hilo lina historia yake. Heroini imewamaliza vijana wa pwani hii tangu wengi wetu tukiwa shule ya msingi, na karibu kila kilichojengwa hapa kwa ajili ya waraibu kilijengwa kwa sababu yake: Omari Project iliyoanza Malindi mwaka 1995, mashirika ya Reachout na MEWA hapa mjini, kisha dawa ya methadoni, ambayo ilianza kutolewa nchini mwishoni mwa mwaka 2014 na baadaye ikafika Malindi na Kisauni. Ndiyo maana mraibu katika fikira za mtu wa hapa ni teja aliyesinzia kando ya barabara, si karani aliyevaa shati lililopigwa pasi ambaye huvuta msokoto mmoja kabla ya kwenda kazini, mwingine baada ya chakula cha mchana, na mingine kadhaa usiku mpaka usingizi umchukue. Mimi nilikuwa huyo karani. Tiba niliyoipata ilikuwa ya bangi peke yake, na ninaiandikia kwa sababu wengi wanaoihitaji hawasadiki kwamba ipo, na wanaosadiki huifikiria kuwa kitu kingine kabisa.

Nilipoitaja nia yangu nyumbani, ami yangu alicheka kwanza, kisha akamgeukia mama. "Bangi si unga, shemeji," alimwambia. "Mwozesheni mke, ataacha mwenyewe." Ushauri huo ni wa zamani katika mji wetu, na umewapatia wanawake wengi waume wasioweza kulala bila moshi. Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha asubuhi, na alijua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa siamki kama watu wanavyoamka, bali naburuta mwili mpaka uwani, navuta, na hapo ndipo siku yangu inapoanza.

Ami hakuwa mtu wa kupuuzwa, kwa sababu alikuwa akisema kinachosemwa na karibu kila mtu, wakiwemo wavutaji wenyewe. Ni kweli kwamba wengi wanaovuta bangi hawawi waraibu. Makadirio ambayo wataalamu wameyatumia sana tangu miaka ya 1990 ni kwamba takriban asilimia 9 ya watu waliowahi kuitumia huishia kuwa waraibu, na kwamba kwa walioanza wakiwa bado vijana wadogo hesabu hiyo hukaribia mmoja katika kila sita. Kwa anayevuta kila siku hali huwa mbaya zaidi ya hapo. Asilimia 9 inasikika kuwa ndogo mpaka uipime kwa wingi wa wavutaji: utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya laki tano wa umri wa kati ya miaka 15 na 65 wanatumia bangi. Sehemu ndogo ya laki tano ni watu wengi, nao hawaonekani, kwa kuwa wanakwenda kazini, wanalipa kodi ya nyumba na kuhudhuria maziko kama watu wengine.

Niliyemwona kwanza alikuwa mshauri nasaha katika kliniki ya umma, mwanamke wa makamo aliyevaa buibui na kuning'iniza miwani shingoni kwa kamba. Nilikuwa nimejiandaa kupimwa mkojo na kudungwa sindano, na pia nilikuwa na hotuba yangu ya kutubu, kwa sababu nilidhani huko ndiko mtu anakokwenda kukemewa. Alifungua faili na kuanza kuniuliza maswali ambayo baadaye nilijua kwamba yanatoka katika orodha ya dalili 11 wanayoitumia madaktari wa akili. Je, ninavuta zaidi ya nilivyokusudia? Je, nimewahi kujaribu kupunguza nikashindwa? Ni muda gani wa siku unaokwenda katika kutafuta bangi, kuivuta na kusubiri ulevi wake uishe? Je, kuna jambo nililolipenda ambalo nimeliacha kwa ajili yake? Dalili mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja ni uraibu mwepesi, nne au tano ni wa kati, na kuanzia sita ni uraibu mkali. Hakunitajia jumla yangu siku ile, nami sikumwuliza, maana nilikuwa nikihesabu kwa vidole chini ya meza.

Kisha aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia kabisa: "Hebu niambie, kaka, bangi inakusaidia nini?" Nilinyamaza kidogo, nikidhani ni mtego. Alipoona nasita alisema kwamba hakuna mtu anayefanya jambo kila siku kwa miaka bila kupata faida fulani, na kwamba akijua faida hiyo ndipo atakapojua ninachoombwa kukiacha. Nikazungumza. Nikamwambia kuhusu hasira inayopoa, kuhusu kazi ya bandarini yenye kelele za makreni na madereva wa matrela wanaokudai karatasi ambazo hazijatoka forodhani, kuhusu usiku ambao kichwa hakizimi. Alisikiliza, akaandika, kisha akanirudishia maneno yangu mwenyewe kwa utaratibu uliofanya niyasikie upya: "Kwa hivyo bangi inakupa usingizi, na wewe umekuja hapa kwa sababu huamki." Hakuongeza neno. Nakiri kwamba nilichukizwa, kwa kuwa hoja ilikuwa yangu na sikuweza kubishana nayo.

Mazungumzo ya namna hiyo ni ufundi unaosomewa. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller aliandika kuuhusu kwa mara ya kwanza mwaka 1983 alipokuwa akishughulika na walevi wa pombe, kisha akaukuza pamoja na Stephen Rollnick, na msingi wake ni kwamba mgonjwa anayebishiwa huitetea tabia yake, ilhali mgonjwa anayeulizwa vizuri huanza kujitolea mwenyewe sababu za kuiacha. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya tiba ya bangi. Nusu ya pili ni kujifunza kuzitambua saa, mahali na hisia zinazokusukuma kuvuta, na kujipangia mapema utakachofanya zinapofika. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu wazima 450 na kuchapishwa mwaka 2004, waliopata vikao 9 vilivyochanganya nusu hizo mbili walipunguza uvutaji kuliko waliopata vikao 2, na waliopata vikao 2 waliwashinda waliokuwa wakisubiri zamu yao. Matokeo yenyewe hayakuwa ya miujiza, kwani hata katika kundi lililofanya vizuri zaidi walioacha kabisa hawakufika robo miezi michache baadaye. Mimi nazipendelea takwimu za aina hiyo kuliko ahadi za mabango ya barabarani.

Dawa haipo. Ni lazima niliseme hili waziwazi, kwa kuwa watu huja wakiomba "ile dawa ya Kisauni". Methadoni inatibu uraibu wa heroini na vitu vya jamii yake, kwa sababu inashika sehemu zilezile za ubongo ambazo heroini inazishika. Bangi ina njia yake. Kemikali kuu ya ulevi wake, THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga peke yake mwaka 1964, hushika vipokezi vingine, na mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili ya kutibu uraibu huo. Daktari anaweza kukupa kitu cha kukusaidia kulala kwa muda mfupi, au kutibu huzuni na wasiwasi vilivyokuwapo kabla ya bangi, lakini anayekuuzia chupa ya kukata hamu ya bangi anakuuzia chupa tu.

Mshauri alinipa kazi ya nyumbani. Nilinunua daftari la Kasuku, nikalichora safu nne: saa, mahali, niliyekuwa naye, na nilichokihisi kabla ya kuwasha. Kila msokoto uliandikwa, bila kujitahidi kupunguza. Kazi hiyo inaonekana ya kitoto, na kwa siku za mwanzo niliifanya kwa dharau. Lakini ukurasa ulipojaa, ukiacha msokoto wa asubuhi na ule wa mchana, safu ya saa ilikuwa na mambo mawili tu yaliyojirudia: kutoka kazini, na baada ya Magharibi kwenye maskani. Safu ya hisia ilinishangaza zaidi, kwa sababu mahali nilipodhani pangejaa hasira palijaa neno "sina la kufanya". Mvutaji mzoefu anaweza kukueleza kwa kirefu kwamba anavuta ili atafakari. Daftari langu lilisema ninavuta kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hakuna mtu anayenitarajia popote.

Tukaingia katika habari ya Ramadhani, na hapa naamini kwamba mshauri mwenyeji ana faida ambayo vitabu vya Marekani havina. Kila mwaka nilifunga. Kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, zaidi ya saa kumi na tatu, sikuvuta, nami nilikuwa nikiitumia rekodi hiyo kama ushahidi kwamba mimi si mraibu. Yeye aliisoma kwa namna mbili. Kwanza, alisema, ni kweli kwamba nina uwezo wa kukaa na hamu bila kuitii, na jambo hilo tuliandike kama akiba. Pili, aliniuliza adhana ikilia mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye tende au mfukoni. Nadhani wasomaji wangu wengi wa Majengo na Kibokoni wanalijua jibu bila mimi kulitaja.

Kisha nikaacha, na ikaja arosto, mateso ya mwili uliokosa ulichokizoea. Neno hilo tumezoea kuliweka kwa mateja wa unga, na mtu akisema ana arosto ya bangi maskani nzima itamcheka. Hata madaktari walichelewa: mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa Marekani, na ambao madaktari wengi duniani huufuata, uliitambua rasmi hali ya mwili kudai bangi katika toleo la mwaka 2013, ingawa toleo la mwaka 1994 lilikuwa limeiacha nje. Huanza siku moja hadi tatu baada ya msokoto wa mwisho, hufikia kilele ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili. Haiui. Ila hunyima raha kwa namna ya pekee. Jasho lilikuwa likilowesha shuka usiku wa Julai, wakati ambapo Mombasa ina baridi yake ndogo. Mahamri ya mama yalinikaa kooni kama pamba. Nilimfokea dada yangu kwa sababu ya kijiko alichokiacha kwenye sinki, na baada ya kufoka nikasimama pale jikoni nikitetemeka, nikijua kabisa kwamba kijiko hakina kosa.

Na ndoto. Bangi hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, na ukiiacha ndoto hurudi zote kwa pamoja, zenye rangi na sauti, mpaka mtu anaogopa kulala. Nilikuwa nikijiona ndani ya feri ya Likoni iliyojaa wanafunzi wenzangu wa chuoni, watoto wa madrasa ambao wengine wao ni marehemu, na wote wananiuliza juzuu yangu iko wapi. Hapa ndipo wengi wanaporudi nyuma. Hurudi kwa sababu wanataka kulala, wala stimu hawaikumbuki, na wale wasiorudi kwenye bangi hushawishiwa kununua mtaani bugizi, vidonge vya usingizi ambavyo vina uraibu wake na hatari zake kubwa zaidi. Kilichonisaidia ni kwamba nilielezwa mapema. Mshauri alikuwa amenichorea mstari kwenye karatasi, ukipanda na kushuka, na akanionyesha mahali ambapo ndoto zingeanza na kwamba usingizi ndio ungekuwa wa mwisho kutengemaa, pengine baada ya mwezi na zaidi. Wapigaji picha za ubongo wamekuta kwamba vipokezi vilivyopungua kwa mvutaji wa kila siku hurudi kukaribia hali ya kawaida baada ya takriban wiki nne bila bangi. Habari hiyo ndogo ilinishika mkono usiku kuliko mawaidha yote, kwa kuwa iliyageuza mateso kuwa jambo lenye tarehe.

Suala la kulazwa lilizua ugomvi nyumbani. Baada ya kuona jasho na hasira, ndugu zangu walitaka nipelekwe mahali pa kufungiwa, na tukaenda kuiona nyumba moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Mtu wa mapokezi alitaka malipo ya miezi mitatu kabla ya kuuliza ninatumia nini. Tulipomwambia ni bangi, alisema bei ni ileile. Sikuona humo daktari wala mshauri, niliona geti. Wapo wanaohitaji kulazwa: anayechanganya bangi na pombe au vidonge, ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kuwa hatari, asiye na nyumba tulivu ya kurudi, na hasa yule ambaye akili yake imeanza kuyumba. Kituo cha serikali cha Miritini kipo kwa ajili ya watu kama hao. Wengi wa waraibu wa bangi, hata hivyo, hutibiwa wakitokea nyumbani, wakienda kazini, kikao baada ya kikao, na hiyo ndiyo njia niliyoishinda vita yake pale sebuleni kwa msaada wa mama.

Kuhusu akili kuyumba sitaki kupita haraka. Kila mtaa una kijana anayeambiwa amechizika kwa bangi, na kila mtaa una mvutaji anayedai kwamba hizo ni porojo za wazee. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987, uliowafuatilia zaidi ya vijana 45,000 walioingia jeshini, ulikuta kwamba waliokuwa wametumia bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, kwa kiwango cha mara sita ya wale ambao hawakuitumia. Wataalamu bado wanajadiliana ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinasababishwa na bangi yenyewe na ni kiasi gani kinatokana na damu ya ukoo au mengineyo, lakini kijana anayesikia sauti, anayeamini kwamba redio inamsema yeye, au anayekataa kula kwa kuhofia sumu, anahitaji daktari wa akili siku hiyohiyo. Sina ugomvi na kisomo. Mimi mwenyewe nilisomewa na nikapata utulivu. Ugomvi wangu ni na miezi inayopotea familia ikizunguka kwa waganga kumpunga jini, huku wodi ya wagonjwa wa akili ya Port Reitz ikiwa safari ya matatu mbili.

Kikao kilichonibadilishia mambo zaidi kilikuwa kile ambacho mama na ami waliitwa. Mshauri aliwauliza kila mmoja atafanya nini nikiwa na siku mbaya. Mama alisema atanipekua mifuko. Ami alisema atanipa nasaha. Akawaomba kwa adabu kubwa wasifanye lolote kati ya hayo mawili, na badala yake ami, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na Mwembe Tayari, anikabidhi hesabu zake za jioni. Mzee alinyamaza kwa muda. Kumpa duka lake mvutaji wa bangi si jambo dogo kwa mfanyabiashara, lakini alikubali, kwa masharti, na kuanzia wiki ile kuna mtu alikuwa akinitarajia saa kumi na mbili na nusu. Niliandika kwenye safu ya mwisho ya daftari idadi ya mifuko ya saruji na misumari.

Maskani sikuyahama kwa siku moja. Pale barazani bangi ilikuwa na mwenzake, muguka, majani ya jamii ya miraa, ambao unakesha nao mpaka macho yawe makavu, kisha unavuta ili ushuke na kulala. Ukitibu kimoja na kukiacha kingine umejenga nusu ya ukuta. Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku muguka Mei 2024 mji mzima ulizungumza, mahakama ikaingilia kati, wakulima wa Embu wakalalamika, na katika kelele hizo zote sikusikia mtu akiuliza waliokwisha zoea wapelekwe wapi. Sasa huwa napita barazani mchana, nasalimia, nakunywa kahawa, na ninaondoka kabla ya adhana ya Magharibi. Mipango ya siku nikiteleza nayo imeandikwa: ni nani nitampigia, na kwamba nitakwenda kliniki asubuhi inayofuata bila kusubiri nijisafishe kwanza.

Wengine huniuliza kama hawataripotiwa kwa polisi. Chini ya sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 kuwa na bangi ni kosa la jinai hata ikiwa ni ya kuvuta mwenyewe, na Warastafari walifika Mahakama Kuu mwaka 2021 kuipinga. Mjadala huo una watu wake. Mgonjwa anachopaswa kujua ni kwamba anayoyasema mbele ya mshauri au daktari ni siri ya matibabu, na kwamba kwenda kuomba tiba si kujisalimisha kituoni.

Kabla hujalipa popote, uliza kama kituo kimeidhinishwa na NACADA, ni nani atakayezungumza nawe na amesomea nini, kama familia itahusishwa, na nini kitafuata baada ya kutoka. Asiyeweza kukujibu maswali hayo mlangoni hatakujibu ndani. Kama hujui pa kuanzia, nambari 1192 ya NACADA hupigwa bure. Ukipokewa, sema tangu mwanzo kwamba ni bangi, na mtu akikujibu kuwa hiyo si kitu, mwombe kwa upole akupe mwingine wa kuzungumza naye.